Jumanne na Alhamisi za Nsia

Mwezi uliopita nililala kwenye nyumba ya wageni mjini Moshi, upande wa Rau. Asubuhi nilipofungua mlango nikamkuta binti amepiga magoti kwenye korido, anapaka sakafu ile rangi nyekundu ya kopo kwa kipande cha sweta kuukuu. Harufu ikanijia puani: mafuta ya taa, nta, na kitu kingine kama udongo uliochomwa na jua. Nikabaki nimesimama na mswaki mkononi. Binti akaniambia, "Pita tu mama, hapo pameshakauka," lakini sikupita. Nilikuwa nimekasirika, na ilinichukua muda kukumbuka nimemkasirikia nani.

Nyumbani kwetu sakafu ya sebuleni ilipakwa rangi ile mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka. Mwaka niliokuwa darasa la tano ikaanza kupakwa mara mbili kwa wiki, na mpakaji nilikuwa mimi.

Tulikaa Machame, juu ya Kwa Sadala, kwenye kihamba, shamba la ukoo ambalo babu alimwachia baba. Migomba ilitangulia mbele ya nyumba, kahawa ikafuata chini yake, na nyuma kulikuwa na banda la ng'ombe wawili na ndama. Baba alihangaika na kahawa katika miaka ambayo bei yake ilikuwa imeanguka kiasi kwamba majirani walikuwa wakiing'oa na kupanda nyanya. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ileile niliyosoma. Maduka yalikuwa yamejaa tena, sabuni za kila rangi na biskuti za makopo, lakini mwalimu alipita mbele yake akitazama tu. Ndipo walimu walipoanza tuisheni. Kengele ya mwisho ikilia, watoto ambao wazazi wao walikuwa na uwezo walibaki, thelathini au arobaini, wakabanwa kwenye madawati yaleyale ya asubuhi wakafundishwa yaleyale ya asubuhi.

Mama alikataa. Nilikuwepo siku mwalimu mwenzake alipomwambia, "Unaiacha riziki inapita mlangoni."

"Watoto arobaini ni darasa," mama akajibu. "Darasa ninalo tayari. Siku nikifundisha jioni, nitafundisha mmoja."

Mwenzake alicheka. Mimi nilifurahi moyoni, kwa sababu nilijua huyo mmoja atakuwa nani.

Niseme nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa wa mwisho kati ya wanne, na wenzangu watatu walikuwa wameshaondoka nyumbani. Nilishika namba moja tangu darasa la kwanza. Mama hakuwahi kunifundisha kitu. Nilifanya mazoezi yangu jikoni, nimekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, macho yakiwasha kwa moshi, yeye akichambua maharage kwenye ungo. Nikimaliza nilimnyoshea daftari. Alilitazama juujuu bila kuuacha ungo, akasema, "Vizuri. Kalete kuni." Siku nyingine, "Vizuri. Kamfunge ndama." Hilo neno moja la kwanza ndilo lililokuwa langu. La pili lilikuwa la kuni au la ndama.

Nsia aliingia darasani kwetu muhula umeshaanza. Baba yake aliuza mitumba, na alikuwa amefuata biashara kutoka Himo hadi Rau, kutoka Rau hadi Kwa Sadala, kwa hiyo binti yake alikuwa amepita shule nyingi kuliko mtu yeyote tuliyemjua. Alikuwa mrefu kutuzidi, na pengine mkubwa kwa mwaka mmoja au miwili. Alivaa sweta la kijani lenye zipu inayofunga mpaka juu na viatu vyenye bizimu. Ningeweza kumsamehe viatu. Nilichoshindwa kumsamehe ni usomaji wake.

Kitabu cha Kiswahili kilikuwa kimoja kwa dawati la watoto wanne. Mwalimu wa Kiswahili, mwanaume mpole aliyevaa kaunda suti kila siku ya Mungu, alimwinua mmoja mmoja asome kwa sauti. Sisi tulisoma tukijikwaa, kidole kikifuata mstari. Nsia alipoinuka alikishika kitabu mbele ya kifua chake na kusoma kama mtu anayesimulia jambo lililotokea kwao jana. Mzee kwenye habari alipata sauti ya mzee, mtoto akapata sauti ya mtoto. Kitabu chenyewe hakukitazama sana. Alipomaliza, mwalimu akasema tumpigie makofi. Mimi nilikuwa nimeshika namba moja miaka minne na sikuwahi kupigiwa makofi. Nilipiga mara mbili nikaweka mikono chini ya dawati.

Jumapili moja baada ya ibada, baba yake Nsia alikuja nyumbani. Hakukaribishwa ndani. Walisimama na mama karibu na banda la ng'ombe wakazungumza kwa sauti ya chini, na mimi nikiwa dirishani pa jikoni nilimwona mama akiweka mkono wake juu ya mkono wa yule baba, kama mtu anayempa pole au hongera, sikuweza kujua. Alipoingia ndani akaniambia, "Nsia atakuwa anakuja Jumanne na Alhamisi, saa kumi. Nitamfundisha."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na mimi?"

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimemwomba dawa nikiwa mzima. "Wewe huna shida," akasema.

Nililitafuna neno hilo kwa wiki nyingi. Kwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja maana yake ilikuwa wazi: mama ametafuta mtoto bora kuliko wote shuleni, yule mmoja anayestahili kupewa mwalimu mzima, na amempata. Mimi nilikuwa mtoto ambaye hana shida, kama vile mbuzi asiye na shida, au jirani.

Utaratibu ukawa hivi. Nikitoka shule siku hizo, nilipaka sebule rangi na kuisugua mpaka ing'ae. Nilitoa viti vya wageni na kuingiza benchi la jikoni lililopigwa msasa. Kisha nilipewa panga na kamba niende kukata majani ya ng'ombe, na nisirudi mpaka jua limeshuka. Mlango wa sebule ulifungwa. Baba mwenyewe akitaka redio yake alisubiri.

Majani nilikata haraka, mengine nikayaiba kwenye ukingo wa mfereji wa jirani, nikarudi kwa kupitia migombani. Nyuma ya nyumba, juu ya pipa la maji ya mvua, kulikuwa na tundu za hewa ukutani. Nikipanda kwenye jiwe na kushika ukingo wa pipa, jicho langu moja lilifika.

Nilichokiona kiliniumiza kwa sababu sikumtambua mama yangu. Shuleni alitembea na fimbo na kalamu nyekundu, na hakuwa mtu wa kurudia swali. Pale sebuleni fimbo haikuwepo. Kalamu nyekundu haikuwepo. Hakukaa mbele ya Nsia wala hakusimama juu yake. Walikaa upande kwa upande kwenye lile benchi, wote wawili wakitazama daftari moja, kama watu wanaosubiri gari. Kabla ya kuanza alivua saa yake na kuilaza kifudifudi. Kisha aliuliza kitu kwa sauti ndogo, akanyamaza.

Alinyamaza kweli. Nilihesabu mpaka mia moja na bado alikuwa kimya. Nsia alijikuna shingo, akatazama dari, akatazama dirisha. Mama hakumsaidia na hakumharakisha. Nsia akasema, "Mwalimu, samahani," na mama akasema, "Samahani ya nini? Nipo tu."

Nipo tu. Nilishuka kwenye jiwe na kukaa chini kwenye tope. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mama akisema yupo tu. Mama daima alikuwa anaenda mahali.

Wiki zilivyopita mambo yakawa mabaya zaidi. Siku moja nilimsikia akisema, "Haya, leo mimi ndiye mwanafunzi, wewe ndiye mwalimu," na Nsia akashika penseli. Baadaye sauti ya Nsia ikasema, "Hapana mwalimu, hapo umekosea." Nilisubiri radi. Mama akasema, "Kumbe? Hebu nionyeshe," kisha akacheka, kicheko cha puani alichokuwa nacho alipokuwa na dada zake tu. Walipomaliza alimpa maziwa kwenye bilauri ya kabatini, bilauri ambayo mimi nilikuwa naruhusiwa kuiosha tu.

Nikaamua kuwa na shida. Jaribio la hesabu lililofuata nilikosa maswali yote ishirini. Mwalimu wa hesabu alinichapa viboko vinne, na nilivibeba vizuri kwa sababu nilijua ninavibeba kuelekea wapi. Jioni nilimpa mama karatasi. Mara hii aliuweka ungo chini. Alipangusa mikono kwenye kanga, akasoma karatasi yote, swali kwa swali, nami nikasogeza kigoda changu karibu naye.

"Majibu yote umeongeza moja," akasema hatimaye. "Hapa ni sitini na tatu, umeandika sitini na nne. Hapa ni kumi na tisa, umeandika ishirini. Mtu asiyejua hakosei kwa mpangilio namna hii. Makosa ya kweli hayana adabu." Akanirudishia. "Usifanye tena. Kalete kuni."

Nilileta kuni. Nilikuwa nalia kwa hasira, na pia kwa aibu ya kugundua kwamba aliweza kusoma makosa ya mtu kama wengine wanavyosoma gazeti, na kwamba ustadi huo wote, siku mbili kwa wiki, ulikuwa wa Nsia.

Daftari lao mama alilifungia kabatini, lakini mahali pa ufunguo nilipajua. Alhamisi moja alipotoka kumsindikiza Nsia mpaka barabarani nikalifungua. Kurasa nyingi zilikuwa na mwandiko wa mama, ule mzuri wa ubaoni, lakini maneno yalikuwa yamekosewa. *Ngobe*, aliandika, akimaanisha ng'ombe. *Kitaba. Mgoba.* Na juu ya kila kosa kulikuwa na mkasi wa penseli, na pembeni alama za vema zilizopinda, zilizochorwa na mkono ambao haukuwa wa mama. Nilikaa na lile daftari magotini nikaelewa nilichoweza kuelewa: Nsia ndiye anayemfundisha mama. Binti huyu ana akili kiasi kwamba mwalimu aliyefundisha miaka kumi na tano amekubali kukaa naye benchi moja na kusahihishwa. Na mama anacheka.

Mimi ndiye niliyekuwa monita wa darasa. Nilienda stoo kuchukua vitabu kabla ya kipindi cha Kiswahili na kuvigawa kwa kila dawati. Vitabu vya darasa la tano na vya darasa la sita vilikuwa na jalada moja la bluu. Kilichotofautiana ni namba tu. Ijumaa ile niliweka kimoja cha la sita katikati ya vile vingine. Sikutaka kumdhuru. Nilitaka akwame mara moja tu, kwenye maneno magumu ya wakubwa, mbele ya watu, habari ifike kwa mama kwamba hata Nsia hukwama. Tulikuwa tumezoea kwamba msomaji wa mbele hupewa kitabu kutoka kwa monita. Mwalimu aliposema, "Nsia, simama utusomee ile habari ya mfuga nyuki," nikampelekea kitabu mwenyewe, nimeshakifungua kwenye namba ya ukurasa uleule.

Nsia alikipokea, akakishika mbele ya kifua, akasoma. Akasoma habari ya mfuga nyuki. Mzee akapata sauti ya mzee, nyuki wakavuma, mtoto akakimbia. Hakukosea hata neno. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikiuona ukurasa uliokuwa mbele ya macho yake, ambao juu yake kulikuwa na picha ya ng'ombe na ndoo ya maziwa.

Mwalimu pia aliona picha, kwa nyuma ya bega lake. "Ngoja kwanza," akasema. Akachukua kitabu, akageuza jalada, akakirudisha. Hakuwa na hasira. Alikuwa na udadisi tu, na nadhani hilo ndilo lililoharibu. "Habari hiyo umeishika kichwani, safi sana. Sasa tusomee hapa. Mstari wa kwanza."

Nsia alitazama mstari wa kwanza. Mwenzake wa dawati, ambaye baadaye nilijua alimsomea kwa kunong'ona kila siku kabla ya kipindi akidhani ni mchezo, hakuwa na kitabu hicho wala hakuweza kumsaidia.

"Maneno matatu tu," mwalimu akasema.

Midomo ya Nsia ilicheza. "Ma," akasema. "Ma... zi..." Mtu wa nyuma akacheka. Kisha mwingine. Mvulana mmoja akasema, "Kumbe ni redio," na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aligonga meza, akasema, "Kaa, Nsia, kaa," lakini alikuwa amechelewa. Nsia hakukaa. Alikilaza kitabu mezani taratibu, kana kwamba kina maji, akatoka nje ya darasa, na kupitia dirishani tulimwona akikata uwanja wa mpira kuelekea barabara ya chini.

Mimi nilibaki nimesimama. Nikakumbuka ule ukimya wa kuhesabu mpaka mia. Nikakumbuka *ngobe* na *kitaba*. Kila kitu nilichokuwa nimekiona kwa jicho moja juu ya pipa kiligeuka upande wake wa pili, na sikuweza kukirudisha.

Jumanne nilipaka sebule rangi kama kawaida kwa sababu hakuna aliyeniambia nisipake. Saa kumi ilifika, Nsia hakufika. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Nilipopita na panga langu akaita, "Njoo. Kaa hapa."

Nilikaa kando yake. Wiki zote hizo nilikuwa nimelitamani lile benchi. Mama alivua saa, akailaza kifudifudi.

"Kitabu cha darasa la sita kilifikaje mkononi mwa Nsia?"

"Vinafanana," nikasema.

Hakujibu. Alitazama ukuta. Nilisikia ndama akipiga teke mlango wa banda, nikasikia maji ya mfereji kule chini. Rangi ilikuwa bado mbichi na harufu yake ilinikaba. Nilisema tena kwamba vinafanana, na mama hakununa wala hakukunja uso. Alikaa tu, bega lake karibu na langu, kama mtu ambaye hana kazi nyingine mpaka kesho. Nilitamani anichape. Nadhani nilihesabu tena, sikumbuki nilifika ngapi.

"Nilitaka akwame," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unampenda."

Mtu angedhani hapo mama angenikumbatia. Hakunikumbatia, na hakukana. Alisema, "Nsia alipokuja kwangu alizijua herufi tisa. Shule zote alizopita hakuna aliyegundua, kwa sababu akisikia kitu mara moja hakitoki. Mimi niligundua nilipomtuma ofisini alete boksi la chaki lililoandikwa neno bluu, akaleta boksi zote. Ana miaka kumi na mitatu. Unajua ni aibu kiasi gani? Niliyajua mimi na baba yake basi. Nilimwahidi kwamba hakuna mwingine atakayejua mpaka awe tayari."

"Sikujua," nikasema.

"Ndiyo, hukujua." Akavaa saa yake. "Kesho ni soko. Ukitoka shule tunashuka."

Soko la Kwa Sadala siku hiyo lilikuwa limefurika ndizi na watu. Baba yake Nsia alikuwa ametandaza turubai, juu yake mlima wa nguo, na Nsia alikuwa katikati ya mlima huo akitenga masweta kwa ukubwa. Alitutazama akaendelea kutenga.

"Karibu mwalimu," baba yake akasema. Alionekana mchovu. "Amekataa. Anasema shule basi, atauza. Na kuuza ananishinda hata mimi, bei zote anazo kichwani."

"Kichwa chake ndicho kilichomponza," mama akasema. Kisha akanisukuma kidogo mgongoni.

Nilimwambia Nsia, "Ni mimi niliyekupa kile kitabu. Nilifanya makusudi. Nisamehe."

"Najua ni wewe," Nsia akasema bila kuinua macho. "Ulinitabasamia. Hujawahi kunitabasamia."

Mama alikunja gauni lake akachuchumaa kwenye turubai, katikati ya nguo za watu wa Ulaya, wateja wakimruka. "Nsia, kesho ni Alhamisi. Nitakuwepo."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Wataacha. Mimi nitakuwepo tu."

Nsia alikunja sweta moja, la pili, la tatu. Kisha akaninyoshea kidole. "Huyu akiwepo nyumbani, siji."

Mama yangu, aliyeweza kumsubiri mtoto mpaka mia moja, safari hii hakusubiri hata moja. "Hatakuwepo," akasema.

Basi kwa mwaka uliofuata na zaidi, Jumanne na Alhamisi nilipaka sakafu, nikaingiza benchi, nikaenda kwa bibi ng'ambo ya mfereji mpaka jua lishuke. Bibi alinipa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye sahani ya bati na siku ya kwanza akaniuliza, "Umefukuzwa kwenu?" Nikamwambia nimepisha mgeni. Ningependa kuandika kwamba nilikaa kule nikijutia. Nilijutia, ndiyo, hasa nilipowasikia wenzangu wakimwita Redio uwanjani na sikuwakataza. Lakini zaidi ya kujuta niliona wivu, na wivu ulikuwa mkali kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa nilijua hakupendwa kwa sababu ni bora. Angekuwa bora ningejitahidi nimpite. Nitampitaje mtu kwa kutojua kitu?

Alirudi shuleni baada ya likizo. Tulipokuwa darasa la sita, siku moja aliinua mkono mwenyewe, akasimama na kusoma aya nzima ambayo haikuwahi kusomwa darasani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, bila sauti ya mzee wala ya mtoto. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wetu wa la sita alikuwa mwingine, hakujua alichokuwa amekisikia. Mimi nilijua. Mikono yangu ilikuwa juu ya dawati, imeshaachana tayari kwa kupiga, na sikupiga. Hilo la kitabu nilimwomba radhi. Hili la makofi sijawahi kumwomba.

Darasa la saba nilichaguliwa sekondari, yeye hakuchaguliwa. Aliingia kwenye biashara ya baba yake, na leo ana duka la vitenge mjini Moshi lenye wasichana wanne wauzaji na maandishi makubwa juu ya mlango aliyoyaandika mwenyewe kwenye karatasi kabla ya fundi kuyachora. Tukikutana tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Hatukuwahi kukaa.

Tulikaa mwaka juzi, tulipomzika mama. Nsia alikuja tangu siku ya kwanza ya msiba, akavua saa na bangili, akaingia nyuma na akina mama kumenya ndizi. Mchana wa siku iliyofuata maziko, watu wengi wakiwa wameondoka, nilimkuta peke yake anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nikavuta kigoda, nikachukua kitambaa, tukawa tunafanya pamoja. Tulizungumza kuhusu bei za vitambaa na mvua. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nalo tangu utoto, nikijua kwamba sasa ni yeye tu duniani anayeweza kulijibu.

"Alikuwa mwalimu wa namna gani?"

Nsia hakuharakisha. Alimwaga maji machafu, akachota mengine. "Mwanzoni alikuwa anasubiri tu," akasema. "Mpaka nikamwonea huruma nikajibu. Alikuwa anasema nikosee kwa nguvu ili tuone kosa liko wapi. Baadaye nilipoanza kusoma habari nzimanzima, alikuwa anasinzia."

"Mama?"

"Alikuwa anachoka, mwenzangu. Ninasoma, naona kimya, nageuka, amelala. Kichwa hapa begani kwangu. Nikikosea neno anaamka, ananiambia rudia, sijui alisikiaje. Nikisoma vizuri hashtuki." Alicheka kidogo, macho yakiwa na maji. "Ndiyo maana nilijua kusoma. Nilikuwa najitahidi nisikosee, asije akaamka."

Nilikuwa nimeishi na mama miaka yangu yote ya utotoni, na sikuwahi kumwona amelala mchana. Aliamka kabla yetu na kulala baada yetu. Sikujua uso wake ukilala unakuwaje. Nilitaka kumwambia Nsia asante, maana nilijua ndilo neno linalostahili, na lilikuwa hapo mdomoni. Badala yake nikamuuliza ni bega lipi.

Nsia alifikiri kwanza, kisha akagusa la kushoto kwa mkono wenye majivu. Kanga yake ilikuwa imelowa pale. Nilikitazama kile kiraka cha maji kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, na yeye, bila kuuliza, akaacha kusugua, akatulia, akanisubiri.